Nilikutwa na faini saba za pikipiki, haya ndo maoni yangu kuhusu huduma nzima kuanzia kuangalia deni mpaka mahakamani

Kila kijiwe cha boda ukikaa utasikia mtu anasema lipa tu yaishe, ukibishana na trafiki unapoteza muda. Mimi nilikuwa naamini hivyohivyo mpaka mwaka huu nilipokutwa na faini saba kwa mpigo kwenye pikipiki moja, na nimezunguka nazo karibu miezi mitatu, kwaiyo naandika nilichokiona hatua kwa hatua, wapi huduma ni nzuri, wapi inachosha, na hela niliyotumia, ili mwenye shida kama yangu ajue anaingia kwenye nini.

Mimi nasambaza mizigo midogo hapa Dar, nguo za online, vipodozi, chakula, natumia Boxer 150 niliyoinunua mkononi kwa jamaa mmoja mwezi wa tatu. Siku yenyewe nilikuwa natokea Kimara, kufika Ubungo chini ya daraja la Kijazi trafiki akanipiga mkono nikasimama. Helmeti ninayo, leseni hai, bima hai, sina wasiwasi wowote. Akaingiza namba kwenye mashine, akakaa kimya kidogo alafu akaniuliza, kijana hii pikipiki ni yako? Nikamwambia ndio afande. Akasema ina madeni saba, nenda kashughulikie, wiki ijayo nikikukuta hivi naipeleka kituoni. Namshukuru yule afande kwa kweli maana angeweza kuichukua palepale na mimi nina mizigo ya watu minne mgongoni.

Usiku nikaingia kwenye ile tovuti ya polisi ya kuangalia madeni ya trafiki. Hapa nasema wazi, kama huduma ya kuangalia deni tu, ni nzuri sana na sijui kwa nini watu hawaitumii kabla ya kununua chombo. Unaweka namba ya pikipiki au leseni, hakuna kujisajili, hakuna neno la siri, inakuletea orodha yote: namba ya kumbukumbu, tarehe, mahali, kosa, faini, na safu ya nyongeza ya kuchelewa. Na unalipa kwa kontro namba, yaani namba ya malipo ya serikali, kwa simu au benki, bila kumpa mtu hela mkononi. Ningekuwa nimeweka ile namba siku ninanunua pikipiki ningeyaona madeni matatu kabla sijatoa hata senti. Dakika mbili tu za intaneti.

Jumla ilikuwa 107,500. Faini ya pikipiki na bajaji kwa kosa moja ni 10,000, zamani ilikuwa 30,000 sawa na magari, ikapunguzwa kwenye bajeti ya 2021/22 aliyoisoma Mwigulu Nchemba bungeni akiwa waziri wa fedha, na zile za siku nyingi kila 10,000 ilikuwa imeongezwa 2,500. Sasa nilipokuwa napiga hesabu nikaona moja imeandikwa 30,000 na nyongeza 7,500. Nikajiuliza pikipiki gani inatozwa 30,000? Nikasogeza pembeni kusoma kosa: kutofunga mkanda. Mkanda! Kwenye pikipiki! Na mahali ni mkoa wa mbali huko bara ambako mimi sijawahi kufika hata kwa basi.

Ndo nikachukua daftari nikaziandika zote saba mstari kwa mstari. Tatu ni za mwaka jana, kabla sijainunua pikipiki. Mbili ni za mkoa huohuo wa mbali, ile ya mkanda na nyingine ya mwendo kasi, 68 kwenye eneo la 50. Moja ni ya kupita kwenye njia ya mabasi ya mwendokasi Morogoro Road, hiyo ni ya kwangu kabisa, nilipita, nilikuwa nimechelewa na mzigo wa keki, sina cha kusema. Ya mwisho ni ya kupita taa nyekundu hapahapa Dar, na hiyo nilikuwa na mengi sana ya kusema.

Kabla ya kwenda popote nilipita kwa msaidizi wa kisheria, hawa wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, mtaani kwetu yupo dada mmoja na hatozi kitu. Nusu saa aliyonipa ndo iliyobeba mambo yote yaliyofuata. Aliniambia vitu viwili. Cha kwanza, ile karatasi ya trafiki siyo hukumu. Kwenye Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ambayo ni ya mwaka 1973, kifungu cha 95 ndo kinachompa askari nafasi ya kukuandikia kosa ukalipa bila kwenda mahakamani, lakini kulipa maana yake umekubali kosa, na kama hukubali unayo haki ya kukana na shauri likaenda mbele ya hakimu. Kwaiyo mdogo wangu, akasema, usilipe hata moja unayotaka kuipinga, ukilipa umeshaifunga mwenyewe. Cha pili, usiende ukasema faini zote siyo zangu. Nenda na kila moja na karatasi yake.

Cha kwanza nilikishika. Cha pili nilikipuuza na ikanigharimu siku nzima. Nilienda ofisi ya trafiki ya wilaya, sitaitaja ni ipi, asubuhi saa mbili, nimejaa hasira, kufika kaunta nikaanza kwa sauti kwamba nimebambikiwa faini saba. Askari aliyekuwepo hakunitukana wala nini, aliniangalia tu akasema kaa pale, nikakaa mpaka saa nane mchana, alafu nikaambiwa mhusika ametoka. Nimeipoteza siku, mizigo sita nimempa mwenzangu aifikishe.

Mara ya pili nilienda nimejipanga. Stationari ya karibu wakanichapia barua tatu kwa 3,000, moja ya faini za mkoani, moja ya faini za mwenye pikipiki wa zamani, moja ya taa nyekundu, na kila barua nimeibana na vielelezo vyake. Nikaomba kumuona mkuu wa trafiki wa wilaya, watu wanamwita DTO, nikaambiwa yupo kikaoni ila kuna mama mmoja mwenye cheo anaweza kunisikiliza. Huyo mama jamani, Mungu ambariki. Alivaa miwani akasoma barua zote tatu mpaka mwisho ndo akaniuliza maswali. Ile ya mkanda haikuhitaji hata kuelezwa, aliangalia skrini akatikisa kichwa, akasema hili ni gari, hapa aliyeingiza amekosea, ameandika MC badala ya T au amekosea tarakimu. Ila akanifafanulia kwamba yeye hawezi kuifuta, inafutwa na mkoa ulioiandika, kwaiyo akaandika ujumbe akatuma huko na kunipa namba ya ofisi ya kufuatilia.

Ile ya mwendo kasi ndo ilikuwa na kazi. Kwa sababu pikipiki inaweza kukimbia 68, huwezi kusema tu haikuwa mimi. Bahati yangu, siku ya tarehe ile pikipiki ilikuwa gereji Manzese imeshushwa injini. Nilikuwa na risiti ya fundi ya vipuri, imeandikwa kwa mkono na tarehe, na ujumbe wa M-Pesa wa kumlipa fundi wenye tarehe na saa, tena muda wenyewe ulipishana kama saa moja na nusu na muda wa kosa. Mtu hawezi kuwa Manzese na mkoa ule kwa saa moja na nusu. Mama akasema ushahidi mzuri, lakini tuombe picha ya tochi, ile mashine ya trafiki ya kupima mwendo. Hapa ndo nataka kila mwenye chombo aelewe: kosa la mwendo linapigwa kwa tochi na tochi ina picha, omba kuiona. Usiombe kwa ubishi, omba kwa barua. Picha ilichukua siku tisa kufika, nikaitwa ofisini, mama akaifungua kwenye simu yake akaikuza. Pikipiki nyekundu, yangu ni nyeusi. Namba inafanana na yangu yote isipokuwa herufi ya katikati, ile ni E yangu ni F, na matope yamefunika kidogo pale chini. Yaani mtu wa mkoa mwingine kabisa amepigwa picha na faini ikaja kwangu kwa kimstari kimoja cha chini cha herufi.

Zilifutwa zote mbili. Ya mkanda iliondoka baada ya siku kama kumi na moja hivi, ya mwendo ilichelewa zaidi, nikapiga simu mara nne, mara ya nne nikaambiwa subiri leo, na kweli usiku nikaangalia haipo. Kwa upande huu mimi nawapa alama nzuri, siyo kwa haraka, kwa haraka hapana, ila ukiwa na karatasi wanasikiliza.

Sasa zile tatu za mwenye pikipiki wa zamani. Nilienda nikiamini ndo rahisi kuliko zote maana mkataba wa mauziano ninao, umesainiwa serikali ya mtaa, una tarehe na mhuri. Kumbe ndo ngumu. Nilichoambiwa ni kwamba kosa kweli siyo lako, na leseni iliyoandikwa kwenye faini siyo yako, lakini deni limekaa kwenye namba ya chombo na chombo kitaendelea kusoma deni mpaka lilipwe, malizaneni wenyewe. Nikamuuliza mama, sasa nikikamatwa barabarani? Akasema onyesha mkataba, lakini askari wa barabarani anaangalia mashine. Hilo liliniuma na linaniuma mpaka leo. Mtu anayenunua chombo kihalali, anaenda TRA kubadili umiliki, analipia, na bado anatembea na makosa ya mtu mwingine.

Nikampigia jamaa aliyeniuzia. Mwanzoni alisema hajui lolote, nikamtumia picha ya orodha na tarehe, na kosa moja lilikuwa la kubeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, na hapo akacheka akakumbuka, akasema kaka nitumie hizo kontro namba. Nikamtumia. Akalipa mbili palepale, 25,000, nashukuru. Ya tatu akawa anasema kesho, kesho, mwisho simu haipokelewi. Nikailipa mwenyewe 12,500. Najua nilisema ukilipa umekubali, lakini hii sikuwa naipinga kwamba kosa halikufanyika, nilikuwa nataka pikipiki isome safi, na kumsubiri mtu asiyepokea simu wakati kila siku napita Ubungo ni hatari kuliko 12,500.

Twende kwenye taa nyekundu. Wanaoendesha Dar wanajua, saa kumi na moja jioni kwenye makutano makubwa taa zinawaka lakini anayeongoza ni askari kwa mkono. Siku ile sisi pikipiki kama kumi tulikuwa mbele, taa yetu nyekundu, askari katikati ya barabara akatugeukia akatuita kwa mkono, twende twende. Tukaenda. Mita kama mia mbili mbele kulikuwa na askari mwingine, akawasimamisha watatu wa mwisho, na mimi nikiwemo, akatuandikia kupita taa nyekundu. Nikamweleza kwamba mwenzako ametuita. Akasema mimi nimeona taa. Wenzangu wawili walilipa kesho yake.

Mimi nilikataa kwa sababu ukimtii askari anayeongoza magari, mkono wake ndo unaofuatwa, taa inakaa pembeni, hilo tumefundishwa kwenye mafunzo ya udereva na lipo kwenye sheria. Nikianza kulipa kwa kumtii askari, kesho nitaogopa kumtii tena nisababishe foleni au ajali. Kwaiyo barua ya tatu iliandika hivyo, nakana kosa, naomba lipelekwe mahakamani. Mama akaniuliza mara mbili kama nina uhakika, akaniambia ukweli wake pia, kwamba hakimu akikukuta na hatia habanwi na ile 10,000, anaweza kukutoza zaidi. Nikasema nina uhakika.

Mahakamani nilienda mara tatu. Mara ya kwanza nilisomewa shtaka, nikakana, nikapewa dhamana ya mdhamini mmoja mwenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, shemeji yangu alikuja kunidhamini, alifunga duka lake kwa ajili hiyo. Nikitoa ushauri wowote ni huu: kama unajua unakwenda kukana, nenda na mdhamini wako siku hiyohiyo na barua yake mkononi, kuna kijana alikana kosa kama langu hana mdhamini, nikamwacha bado yupo anahangaika na simu mpaka jioni. Mara ya pili shahidi hakuja, likaahirishwa wiki mbili. Katikati hapo nilienda kuwatafuta wale boda tuliokuwa nao, mmoja akakubali kuja kunitolea ushahidi, nilimwambia nitamlipia mafuta tu na siyo kingine, ili asije akaulizwa amelipwa.

Mara ya tatu shahidi hakuja tena, mwendesha mashtaka akasimama akaomba kuliondoa shtaka. Hakimu akakubali, akaniachia. Lakini hakimu, ambaye alikuwa mtu mpole anayeongea taratibu, alinifafanulia kitu ambacho wengi hawakijui: kuondolewa shtaka siyo sawa na kuonekana huna hatia, upande wa mashtaka wakitaka wanaweza kulirudisha. Nilitaka sana nisikilizwe, niulize yale maswali niliyoyaandika, mwenzangu aseme alichokiona. Haikutokea, na nilitoka pale nimefurahi nusu.

Na haikuishia hapo. Niliangalia usiku, faini ya taa nyekundu bado ipo, tena sasa imeongezeka ile 2,500. Kumbe karatasi ya mahakama haijipeleki yenyewe, inabidi uombe nakala ya amri, uipeleke ofisi ya trafiki, wao ndo waiondoe. Nakala niliisubiri siku nne, nikaipeleka kwa yuleyule mama, ikaondoka baada ya wiki. Kama nisingeangalia ningetembea nayo nikijua nimeshinda, alafu nikasimamishwa mahali nikaanza upya.

Hesabu ya hela niliifanya kwenye lilelile daftari. Deni lote 107,500. Nililolipa mimi ni 10,000 ya njia ya mwendokasi na 12,500 ya jamaa, jumla 22,500. Kwaiyo nimeokoa 85,000. Lakini nimepoteza siku tatu nzima na nusu siku mbili, na mimi nikitoa mafuta siku moja inanipa kama 20,000, hiyo ni 80,000. Weka barua, fotokopi na mafuta ya shahidi, 9,000 hivi. Kwa hela peke yake nimepoteza elfu nne. Hiyo ndo sababu vijana wanalipa hata wasichokosea, siwalaumu, mtu mwenye hesabu ya bosi kila jioni hawezi kukaa benchi mpaka saa nane. Kama ofisi ingekuwa na siku moja ya wiki, hata Jumamosi asubuhi, ya kusikiliza watu wa pikipiki peke yao, wengi wangekuja.

Kwa hiyo ningesema hivi. Kuangalia deni na kulipa, alama tisa kwa kumi. Kupinga faini iliyoandikwa kwa makosa ya namba, saba, ukiwa na karatasi na uvumilivu. Kupinga madeni ya mtu aliyekuuzia, tatu tu, na hapo bora upige hesabu kabla ya kununua, mwambie muuzaji akate kwenye bei. Mahakama, sita, watu walinitendea kwa heshima kila siku niliyokwenda ila muda unaliwa sana. Msaidizi wa kisheria wa mtaani, kumi kwa kumi, na nilimpelekea kilo mbili za mchele akakataa, nikamwachia mama yake.

Kitu kimoja nimebadilisha kwenye kazi. Kila jioni natuma picha ya pikipiki na namba yake kwenye simu yangu mwenyewe pamoja na orodha ya mizigo ya siku, inachukua sekunde chache, na risiti zote za fundi nazikunja naziweka kwenye mfuko wa nailoni chini ya siti. Ile namba ya jirani yangu wa herufi E bado ipo barabarani na matope yake.

Jana usiku niliingiza namba tena. Ikasoma hakuna deni. Nikapiga picha ya skrini nikamtumia shemeji, akajibu, haya kesho toka mapema, kuna mzigo wa Tegeta.